Namna ya Kutembelea Las Vegas na Jangwa Linaloizunguka

Wengi wanaopanga safari ya Las Vegas huanza na hoteli na maonyesho ya usiku, kisha hulikumbuka jangwa siku ya mwisho, wakati jua limeshapanda na nafasi za kuingia mbuga zimeshachukuliwa na wengine. Ushauri wangu ni kuipanga safari kinyume cha hapo: jangwa liingizwe kwanza kwenye ratiba, na mji uchukuliwe kama mahali pa kulala, kula na kujikinga na joto la mchana. Mji huu umekaa katika bonde ndani ya Jangwa la Mojave, kusini mwa jimbo la Nevada, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua inayoushukia kwa mwaka mzima ni takriban milimita 100, kiasi ambacho Dar es Salaam hukipata katika wiki chache za masika. Ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari kuna miamba myekundu, ziwa, bwawa kubwa la umeme na mlima wenye misonobari na theluji, na kwa yeyote apendaye kutembea, hayo ndiyo yanayostahili nauli.

Maelezo haya yatawafaa zaidi Waswahili wanaoishi Marekani na Kanada, pamoja na wazazi na ndugu wanaokuja kuwatembelea. Anayetoka Afrika moja kwa moja ahakikishe kwanza suala la viza kwenye ubalozi wa Marekani, kwa kuwa masharti kwa raia wa nchi mbalimbali za Afrika yamebadilika mara kadhaa tangu 2025, na asilipie tiketi wala hoteli isiyorudisha fedha kabla viza haijatoka.

Majira na mpangilio wa siku

Vipindi vizuri ni viwili: kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, na kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Aprili. Katika miezi hiyo mchana huwa na joto la kuvumilika na asubuhi huhitaji sweta. Kuanzia Juni hadi Agosti joto huvuka nyuzi 40 siku nyingi mfululizo, na tarehe 7 Julai 2024 mji uliandika rekodi yake ya nyuzi 48.9. Desemba na Januari usiku hukaribia nyuzi sifuri, jambo linalowashangaza wageni waliofungasha nguo nyepesi kwa kusikia neno jangwa. Ukipata nafasi ya kuchagua siku, lala mjini kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, kwa maana bei ya chumba kilekile huweza kupanda maradufu na zaidi Ijumaa na Jumamosi. Chunguza pia kama kuna mkutano mkubwa wa kibiashara au mashindano ya magari ya Formula 1, ambayo tangu 2023 hufanyika hapo mwezi Novemba, kwani nyakati hizo vyumba huadimika.

Siku nzuri katika eneo hili hufuata jua. Uondoke hotelini alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, utembee jangwani hadi saa nne au saa tano, urudi mjini kupumzika katika saa kali za mchana, kisha utoke tena jua likishapoa, ama kwenda kwenye taa za mji au kurudi kwenye miamba kutazama rangi zake za jioni. Wazee na watoto hunufaika zaidi na mpangilio huu, na hata kijana mwenye nguvu hapaswi kuupuuza wakati wa kiangazi. Unapoandika saa za kuingia mbuga kwenye simu, kumbuka kwamba utaratibu wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu aliyezoea saa zetu anaweza kujikuta amejiandikisha saa sita kabla au baada ya wakati alioukusudia.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege wa Harry Reid, uliojulikana kama McCarran hadi 2021, uko kilomita chache tu kutoka hoteli kubwa, kwa hiyo teksi au gari la kuitwa kwa simu halichukui muda mrefu. Barabara ya hoteli hizo, inayoitwa Strip, ina urefu wa karibu kilomita 7, na kisheria sehemu yake kubwa haimo ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas bali iko katika eneo la Paradise, chini ya serikali ya wilaya ya Clark. Kwenye ramani majengo huonekana yamebanana, lakini kutoka lango moja hadi jingine kunaweza kuchukua dakika 20 za kutembea, nyingine zikiwa ni za kupanda na kushuka madaraja ya waenda kwa miguu. Basi liitwalo Deuce hupita Strip mchana na usiku na kufika hadi mtaa wa Fremont, ambao ndio mji wa kale, na upande wa mashariki wa Strip kuna treni ya reli moja.

Kwa sababu hiyo huhitaji gari kwa siku utakazobaki mjini. Likodi kwa siku za jangwani peke yake, maana hoteli nyingi hutoza maegesho kila siku. Dereva aliyejifunza Kenya, Tanzania au Uganda azingatie kwamba huku huendeshwa upande wa kulia, na kwamba vibao huonyesha mwendo kwa maili. Maili 65 kwa saa ni kama kilomita 105. Leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa kawaida hukubaliwa, ila mwenye leseni ya Kifaransa, kama ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, achukue kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka nyumbani. Aliye chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza, na kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana. Kabla ya kuondoka na gari, kagua tairi la akiba, kiyoyozi na hali ya matairi manne, na ujaze tangi mjini, kwa kuwa vituo vya mafuta ni haba mara unapoingia jangwani.

Hoteli, chakula na pesa

Bei ya chumba unayoiona mwanzoni si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Hoteli nyingi za Strip huongeza ada ya lazima ya kila usiku, mara nyingi dola 35 hadi 55, pamoja na kodi inayokaribia asilimia 13, na mapokezini hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako hadi utakapoondoka. Soma jumla ya mwisho kabla ya kulipa, kisha uilinganishe na hoteli zisizo na kasino zilizo nje kidogo ya Strip, ambazo nyingi huwa na kifungua kinywa na maegesho ya bure. Kwa familia yenye watoto mimi ningechagua hizi za nje bila kusita. Sheria za Nevada bado zinaruhusu kuvuta sigara ndani ya kumbi za kamari, na katika hoteli kubwa ni vigumu kufika kwenye lifti bila kupita katikati ya moshi huo. Watoto wanaruhusiwa kupita na wazazi wao, lakini hawaruhusiwi kusimama kando ya mashine.

Chakula cha Strip ni ghali, na chupa ya maji ya dukani hotelini inaweza kugharimu mara kadhaa ya bei ya kawaida. Ingia kwenye duka kubwa la vyakula siku ya kwanza, ununue maji kwa katoni, matunda, karanga, mkate na chumvi-chumvi za kutafuna njiani. Msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kujua kwamba magharibi ya Strip kuna migahawa mingi ya Kihabeshi katika eneo ambalo wilaya ya Clark imelitambua rasmi kwa jina la Little Ethiopia. Injera, shiro na kahawa iliyokaangwa mbele yako vinapatikana hapo kwa bei ya heshima, na madereva wengi wa teksi wanaotoka Ethiopia na Eritrea watakuelekeza kwa furaha. Nyama halali inapatikana mjini na misikiti ipo, ingawa haiko Strip, hivyo Ijumaa panga usafiri mapema. Wahudumu wa mezani hutegemea bakshishi kama sehemu ya kipato chao, na desturi ni asilimia 18 hadi 20 ya gharama ya chakula.

Kuhusu kamari

Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, na umri wa chini wa kucheza ni miaka 21. Hakuna anayelazimishwa kucheza. Msomaji ambaye dini yake inamkataza, au ambaye hataki tu, anaweza kuupita mji mzima kwa heshima: chemchemi za hoteli ya Bellagio zilizoanza mwaka 1998 zinachezeshwa kwa muziki na kutazamwa bure kutoka barabarani, bustani ya ndani ya hoteli hiyohiyo hubadilishwa mapambo kwa majira, na makumbusho ya taa za neoni huhifadhi vibao vya hoteli zilizokwisha kubomolewa.

Anayetaka kucheza aijue hesabu kabla ya kukaa mezani. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina visanduku 38, lakini anayepatia namba moja hulipwa 35 kwa 1; tofauti hiyo humpa mwenye kasino faida ya asilimia 5.26 ya kila dola inayowekwa. Ukiweka dola 10 kwa mizunguko 100, umezungusha dola 1,000, na kwa wastani utakuwa umeacha karibu dola 53 mezani. Gurudumu la Kizungu lenye sifuri moja hupunguza faida hiyo hadi asilimia 2.7. Hakuna mbinu ya kuongeza dau inayobadili uwiano huo. Kinachobadilika ni kasi ya kupoteza. Chukua fedha taslimu utakazokuwa radhi kuzikosa, uache kadi ya benki chumbani, na uweke saa mkononi, kwa sababu kumbi hizo kwa desturi hazina saa ukutani wala madirisha. Mgeni asiye mkazi wa Marekani ajue pia kwamba ushindi mkubwa wa mashine hukatwa kodi ya asilimia 30 papo hapo. Mtu ambaye amewahi kushindwa kujizuia na kamari nyumbani, nasema hili kwa dhati, achague hoteli isiyo na kasino kabisa.

Mji huu una historia nyingine ambayo msomaji Mwafrika hapaswi kuipita. Hadi miaka ya 1950 wasanii weusi kama Sammy Davis Jr. na Nat King Cole walijaza kumbi za Strip kwa nyimbo zao, lakini hawakuruhusiwa kulala wala kula katika hoteli nyingi walizoziingizia fedha, na wakazi weusi walibanwa katika mitaa ya Westside. Mwaka 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, kasino ya kwanza mjini iliyowapokea watu wa rangi zote, ambayo haikumaliza hata mwaka ikiwa wazi. Machi 1960 viongozi wa watu weusi walitishia kuandamana katika Strip, na makubaliano ya kukomesha ubaguzi yakafikiwa katika jengo lilelile la Moulin Rouge. Unapotembea leo katika hoteli yoyote bila kuulizwa, uhuru huo umetokana na watu hao.

Red Rock Canyon

Kama una asubuhi moja tu, nenda hapa. Hifadhi ya Red Rock Canyon iko kilomita 27 hivi magharibi ya Strip, na ina barabara ya mandhari ya kilomita 21 inayokwenda upande mmoja tu, hivyo ukikipita kituo ulichokitaka itakubidi uzunguke upya. Ada ni dola 20 kwa gari. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31 anayetaka kuingia na gari kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni lazima awe amejiandikisha mtandaoni kwa saa maalumu, na nafasi za mwisho wa wiki huisha mapema. Anayefika kabla ya saa mbili asubuhi hahitaji kujiandikisha, jambo ambalo linaafikiana vizuri na ushauri wa kuamka alfajiri.

Simama kituo cha kwanza cha Calico ujionee jiwe-mchanga jekundu likishika mwanga wa asubuhi. Wekundu huo unatokana na kutu ya chuma iliyomo ndani ya mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa vilima vya jangwa la kale zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita. Ukiinua macho upande wa milima utaona mawe ya kijivu ya chokaa yamelala juu ya yale mekundu. Hayo ya kijivu yalijengeka chini ya bahari na ni ya kale zaidi, lakini yamekaa juu, kwa sababu ukoko wa dunia ulisukumwa hadi tabaka la zamani likapanda juu ya tabaka jipya. Wanajiolojia hulijia eneo hili kutoka mbali kwa ajili ya mstari huo, na mtu yeyote mwenye dakika tano anaweza kuuona kwa macho.

Njia ya miguu ninayoipendekeza ni Calico Tanks, yenye karibu kilomita 4 kwenda na kurudi. Inapanda kwa ngazi za mawe ndani ya korongo dogo, inapita penye vidimbwi vya asili vinavyohifadhi maji ya mvua, na mwisho wake hufungua mandhari ya bonde zima la Las Vegas. Inahitaji viatu vyenye nyayo za kushika, kwa kuwa jiwe-mchanga lina vumbi linaloteleza. Kama mvua imenyesha siku hiyo au iliyotangulia, usipande juu ya miamba. Jiwe hili hunywa maji na kupoteza nguvu, na kipande ulichoshikilia kinaweza kumeguka. Wenye magoti mabovu wanaweza kubaki kwenye barabara na vituo vyake bila kukosa mengi.

Ukitoka hifadhini kuelekea kijiji cha Blue Diamond, punguza mwendo, kwani punda wa porini huvuka barabara. Asili yao ni punda wa kufugwa walioletwa na wachimba madini wakaachwa, na ukoo wa punda wote wa kufugwa duniani unatoka kwa punda-mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika. Kuwalisha ni kosa kisheria, na pia huwazoesha kusogelea magari yanayowaua.

Valley of Fire

Hifadhi hii ya jimbo iko kilomita 80 hivi kaskazini-mashariki, na ni ya kwanza kabisa kati ya hifadhi za jimbo la Nevada, ikiwa imezinduliwa mwaka 1935. Magari yasiyo ya Nevada hulipa dola 15. Kwa rangi, mimi naiona inaishinda Red Rock: mistari ya waridi, manjano, nyeupe na zambarau hupita ndani ya mwamba mmoja, hasa kwenye eneo liitwalo Fire Wave, ambalo hufikiwa kwa njia fupi isiyozidi kilomita 3 kwenda na kurudi. Njia hiyo haina kivuli hata kidogo. Kwa sababu ya vifo vilivyotokana na joto, wasimamizi hufunga njia nyingi za hifadhi hii wakati wa kiangazi, kwa hiyo mgeni wa Julai atabaki kwenye barabara na vituo vya karibu.

Kwenye Atlatl Rock na kwenye njia ya Mouse's Tank kuna michoro iliyochongwa na wenyeji wa kale juu ya ngozi nyeusi ya mwamba: kondoo-mwitu wa milimani, watu, mizunguko na silaha ya kurushia mikuki iliyoupa mwamba wa kwanza jina lake. Mafuta ya vidole huiharibu, na mwanao anayetaka kuigusa aelezwe hivyo kabla hajaifikia. Kondoo hao bado wapo, na asubuhi huonekana karibu na barabara. Hifadhi hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama, na hakuna mgahawa ndani yake.

Bwawa la Hoover na Ziwa Mead

Bwawa la Hoover liko mwendo wa dakika 45 kusini-mashariki, mpakani mwa Nevada na Arizona. Ujenzi wake ulianza mwaka 1931 na Rais Franklin Roosevelt alilizindua Septemba 1935. Lina kimo cha mita 221, na nyuma yake Mto Colorado umejaza Ziwa Mead. Magari hukaguliwa kabla ya kufika, kwa hiyo acha silaha na vitu vyenye kutiliwa shaka. Ziara za ndani hulipiwa, lakini mandhari bora ni ya bure: kuna njia ya waenda kwa miguu kwenye daraja la Mike O'Callaghan–Pat Tillman, lililofunguliwa mwaka 2010, ambako unaliona bwawa zima mbele na chini yako. Simu itakapobadilisha saa yenyewe katikati ya daraja usibabaike. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi kama Nevada, kwa hiyo majimbo haya hulingana miezi ya joto na kutofautiana saa moja miezi ya baridi.

Tazama pia mkanda mweupe kwenye kuta za ziwa. Unaonyesha maji yalipokuwa yakifika zamani. Ukame wa zaidi ya miongo miwili na matumizi yanayozidi mtiririko wa mto viliushusha usawa wa ziwa, na mwezi Julai 2022 ulifika chini kuliko wakati wowote tangu ziwa lilipokuwa likijazwa mwaka 1937. Karibu asilimia 90 ya maji ya Las Vegas hutoka huko, na maji yanayotumika ndani ya majengo husafishwa na kurudishwa ziwani. Yanayomwagiliwa nyasi nje hayarudi, na hii ndiyo sababu nyasi za mapambo zinang'olewa kando ya barabara za mji. 

Kwa wazee na watoto, njia ya reli ya zamani iliyo karibu na kituo cha wageni cha Ziwa Mead ni ya tambarare, inapita ndani ya mahandaki matano yaliyotumika wakati wa ujenzi, na daima ina ziwa pembeni. Chakula cha mchana kipatikane Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa, ambako kamari imekatazwa hadi leo. Wafanyakazi weusi walioajiriwa kwenye ujenzi walikuwa wachache mno, na hawakuruhusiwa kuishi katika mji huo.

Maji, joto na mafuriko

Beba angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, na uache akiba nyingine ndani ya gari. Hewa ya jangwa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo mtu hudhani hatoki jasho huku mwili ukipoteza maji kwa kasi. Kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu, na ule kitu chenye chumvi, kwani maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yana hatari yake. Kofia pana, mikono mirefu ya kitambaa chepesi na mafuta ya kukinga jua vinahitajika hata kwa ngozi nyeusi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, mketishe kivulini, mloweshe, mpepee na usitishe safari. Akianza kuchanganyikiwa au akizimia, piga 911 bila kungoja. Usimwache mtoto, mzee wala mnyama ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Simu hupoteza mtandao makorongoni. Pakua ramani kabla ya kuondoka, na mwachie mtu mjini maelezo ya unakokwenda na saa ya kurudi. Kati ya Julai na katikati ya Septemba mvua za ngurumo hushuka ghafla, na ardhi kavu haiwahi kuzinywa. Maji yanayojaa korongo yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, juu yako kukiwa na anga safi. Septemba 2015 watu 7 walikufa kwa mafuriko ya namna hiyo katika korongo jembamba la Zion, hifadhi ya taifa iliyo katika jimbo jirani la Utah. Utabiri ukitaja ngurumo, chagua sehemu iliyo wazi na iliyoinuka, au ubaki mjini.

Safari za mbali zaidi

Mlima Charleston, wenye mita 3,632, uko chini ya saa moja kaskazini-magharibi, na kwa kawaida huwa na baridi kuliko mjini kwa nyuzi 10 au zaidi. Ni kimbilio zuri la Julai. Kimbunga Hilary cha Agosti 2023 kiliharibu barabara na njia zake, kwa hiyo hakikisha ipi imefunguliwa.

Grand Canyon huwachanganya wageni kwa sababu ni sehemu kadhaa zilizo mbali. Upande wa magharibi, ulio kwenye ardhi ya kabila la Wahualapai, hufikiwa kwa saa mbili na kitu, na ndiko kuliko na njia ya kioo iliyofunguliwa mwaka 2007. Hapo si hifadhi ya taifa, na kadi ya mwaka ya hifadhi haikubaliwi. Ukingo wa kusini, wenye mandhari yaliyoipa Grand Canyon sifa yake, uko karibu kilomita 450, yaani saa nne na nusu kwa kila upande. Wanaokwenda na kurudi siku moja hutumia saa tisa barabarani kwa ajili ya saa chache ukingoni, na usiku dereva huwa amechoka katika barabara zenye wanyama. Lala huko usiku mmoja, au uchague Zion huko Utah, kilomita 260 hivi kutoka mjini, ambako kuta za korongo huzitazama kutoka chini. Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja. Ndani ya korongo kuu la Zion husafiriwa kwa mabasi ya hifadhi sehemu kubwa ya mwaka, na kupanda Angels Landing kunahitaji kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu tangu 2022.

Kwa upande wa ada, kuanzia 2026 hifadhi 11 za taifa, zikiwemo Grand Canyon na Zion, humtoza mgeni asiye mkazi wa Marekani nyongeza ya dola 100 kuanzia umri wa miaka 16. Kadi ya mwaka ni dola 80 kwa mkazi na dola 250 kwa asiye mkazi, nayo hutumika pia Red Rock na Ziwa Mead, lakini haitumiki Valley of Fire. Familia yenye wageni kutoka nyumbani ifanye hesabu hiyo kabla ya kufika langoni.

Death Valley, karibu kilomita 190 magharibi, haimo kwenye orodha ya hifadhi hizo 11. Badwater ni bonde la chumvi lililo mita 86 chini ya usawa wa bahari, na Furnace Creek ndipo lilipoandikwa joto la nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Nenda kati ya Novemba na Machi, uanze na Zabriskie Point jua linapochomoza, ushuke Badwater kabla ya saa nne, kisha umalizie Dante's View, ambako mwinuko hupunguza joto. Jaza mafuta kabla ya kuingia. Gari likiharibika humo, baki nalo: lina kivuli, lina akiba yako ya maji, na askari wa hifadhi huliona kwa urahisi kuliko mtu anayetembea peke yake kando ya barabara.